Mume wangu anataka tung'oe pareto, nifanyeje?

Shikamoo Bibi Shamba,

Natumaini u mzima. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Umalila, Mbeya, huku juu kwenye baridi. Nimeshika kalamu kwa sababu miezi miwili sasa nyumbani kwangu haipiti siku bila ugomvi wa pareto.

Tuna ekari mbili za pareto, yale maua yanayotengenezewa dawa ya kuua wadudu. Ya kwanza aliianzisha mama mkwe wangu, na mashina yale yana miaka sita au saba. Ya pili tuliipanda mimi na mume wangu msimu wa juzi, kwa mbegu tulizozikung'uta wenyewe kwenye turubai la kuanikia. Shamba lote liko mtelemkoni, na matuta yanashuka moja kwa moja hadi bondeni kama alivyoyaacha marehemu baba mkwe.

Kuchuma ni kazi yangu na watoto. Kwa kuwa wako shule, tunachuma Jumamosi, mara moja kwa mwezi, na siku hiyo tunamaliza yote: yaliyochanua, yaliyozeeka, hata yale yanayoelekea kuchanua, kwa sababu tukiyaacha yatatusubiri mwezi mzima. Tunajaza kwenye viroba vya salfeti. Tukirudi giza limeingia, basi viroba vinalala ukumbini hadi asubuhi. Jua likiwepo tunamwaga kwenye turubai uani. Mwaka huu ukungu haujaondoka, ikabidi tupandishe maua kwenye dari la jikoni, juu ya moto. Miti miwili ya nyuma ya nyumba imeishia kwenye moto huo.

Mwaka jana maua yetu yalipimwa sumu ya kuua wadudu iliyomo yakapata asilimia 1.3. Mwaka huu nimepeleka kilo 61, majibu yakaja 0.8. Mnunuzi alisema maua ni meusi na yana harufu ya moshi, bei ikawa ya daraja la chini kabisa. Mume wangu alikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Hapo ndipo aliposema: "Maua hayaliwi, mama watoto. Viazi hata nikikosa soko, watoto watashiba." Anataka mvua zikianza tung'oe ekari zote mbili tuweke viazi.

Mama mkwe amekasirika. Anasema enzi zao walikuwa wakianika kwenye vichanja na maua yalitoka meupe. Kila akituona tunajiandaa kwenda shamba Jumamosi husema, "Ua halisubiri Jumamosi." Mume wangu anaona mama yake ananitetea mimi, na mimi nimebaki katikati.

Kuna mengine mawili. Binti yangu wa pili, ana miaka 11, akishachuma mikono inamtoka upele na anapiga chafya usiku kucha. Na jirani yetu mwenye mizinga analalamika kwamba pareto yetu inamuulia nyuki.

Naomba uniambie ukweli hata kama utaniuma. Mume wangu yuko sahihi? Na kama si sahihi, maua nitayakaushaje kwenye ukungu huu bila kumaliza miti?

Mama wa Wanne, Umalila

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma jioni na nikairudia asubuhi kabla sijaandika chochote, kwa sababu ndani yake umejieleza kwa uaminifu kuliko watu wengi wanaoniandikia. Umenitajia hata yale ambayo mkulima huficha. Hilo limenirahisishia kazi.

Ukweli ulioutaka ni huu: pareto yenu haijashindwa. Sumu ilikuwepo kwenye maua yenu siku mlipoyachuma, angalau kwenye yale yaliyokuwa tayari. Imepotea baada ya hapo, ukumbini na juu ya moto. Na nyingine haikupotea, imefunikwa tu na vitu visivyo na sumu mlivyovibeba pamoja na maua. Kabla hamjang'oa ekari nzima changa, inabidi mjue ni kiasi gani mnachokipoteza kwa mikono yenu wenyewe.

Nenda shambani kesho, chuma ua moja, lipasue katikati kwa ukucha. Utaona petali nyeupe pembeni, na katikati kile kitovu cha njano. Kitazame kitovu kwa karibu. Kumbe si kitu kimoja, ni vijiua vidogo vingi vimesimama bega kwa bega, na kila kimoja kimekalia kimbegu chake cha kijani. Sumu ya pareto iko ndani ya vimbegu hivyo, zaidi ya asilimia 90 yake. Petali zina kidogo sana. Vikonyo na majani ni kama hayana kitu.

Ukishaliona hilo kwa macho yako, mengi yatajieleza yenyewe. Ua ambalo halijachanua vimbegu vyake havijajaza. Ua lililozeeka limeshaanza kuwa mbegu ngumu na kupukutika, uzito unabaki ila sumu kwa kila kilo inashuka. Ua linalofaa ni lile ambalo petali zake zimelala sawa, na kwenye kitovu mistari miwili au mitatu ya vijiua vya nje imefunguka huku vya katikati bado vimefunga. Halikai hivyo mwezi mzima. Mama mkwe wako alipowaambia ua halisubiri Jumamosi alikuwa anawapa kanuni ya kwanza ya zao hili, na mimi sina namna bora ya kuisema. Shamba lipitiwe kila baada ya wiki mbili, tatu zikizidi sana, na kila mara mchume yaliyofika tu.

Najua utaniuliza watoto wako shule, nani atachuma. Ukipita mara kwa mara, kila mchumo unakuwa mdogo. Ekari moja inayopitiwa kwa zamu, upande huu leo na upande ule kesho, wewe na mumeo mnaiweza asubuhi umande ukishakauka, bila kumtoa mtoto darasani. Na jambo hili linanigusa moyoni, kwa hiyo nitalisema wazi: mumeo kama anaipokea fedha ya pareto, mkono wake nao uonekane kwenye kikapu. Sisemi ili mgombane. Mtu aliyechuma mwenyewe huona tofauti ya ua na ua, na hawezi kuyaita yote "maua tu".

Chumeni kichwa peke yake, mkikikata kwa kidole gumba na cha shahada chini kabisa ya kitovu, kikonyo kibaki shambani. Chukua mfano: kwenye kilo 10 zilizokauka, kilo 2 zikiwa vikonyo na majani, maua yaliyostahili kupimwa 1.3 yatasoma karibu 1 tu. Hamjaongeza uzito hapo, mmejipunguzia daraja. Kilo zako 61 kwa kipimo cha 0.8 zilikuwa na gramu 488 za sumu. Kwa kipimo chenu cha mwaka jana zingekuwa na gramu 793. Gunia ni lilelile na mgongo ulioubeba ni uleule.

Sasa viroba. Ua bichi lina maji mengi, kilo 4 au 5 za mabichi ndizo zinazokupa kilo 1 kavu. Ukiyashindilia kwenye salfeti yanaanza kupata joto yenyewe. Ingiza mkono katikati ya kiroba kilicholala usiku, utalisikia hilo joto. Hapo maua yanachacha na kugeuka kahawia kabla hayajaliona jua. Tumieni vikapu vya kusuka vinavyopitisha hewa, msivijaze kwa kushindilia, na yakifika nyumbani yatandazwe siku hiyohiyo hata kama ni jioni. Yakilala, yalale yametandazwa. Na msichume yakiwa na umande au mvua ikiwa imetoka kunyesha, mtakuwa mnabeba maji mkayakaushe nyumbani.

Kwenye dari la jikoni nitakaa kidogo, maana hapo ndipo penye jeraha kubwa.

Joto kali linaiharibu sumu ya pareto. Unapokausha, joto lisizidi nyuzi 50. Juu ya mafiga hakuna anayelipima, kuni zikikolea maua ya chini yanaungua na ya juu bado mabichi, halafu moshi unayatia weusi na harufu ambayo haitoki tena. Mlikata miti miwili mkainunulia daraja la chini. Nikisoma mstari ule wa miti nilisikitika kweli, kwa sababu mtelemko kama wenu ukishakosa miti na matuta yanashuka hadi bondeni, udongo nao unakwenda.

Jengeni kichanja, kama mama mkwe alivyosema, ila tukiongezee paa. Simika nguzo, weka fremu ya mbao au mabanzi usawa wa kiuno, tandika neti au wavu wa matundu madogo ili hewa ipite chini na juu ya maua. Ukiwa na nafasi ndogo weka vichanja viwili vya kupandana, ukiacha kati yake nafasi ya kupitisha mikono. Juu yake tengeneza mgongo wa paa kwa fito na ufunike na nailoni inayopitisha mwanga, ile wanayoezekea vitalu. Pembeni ishushe nailoni lakini usizibe kabisa: acha uwazi chini unakoingia upepo baridi na uwazi juu kabisa kwenye mgongo unakotokea ule wenye unyevu. Uwazi wa juu ndio watu husahau. Wanafunga kila mahali wakidhani wanatunza joto, kesho yake nailoni inadondosha maji juu ya maua kama mvua. Hata siku ya ukungu, kibanda cha namna hii kinakuwa na joto kuliko nje, na upepo unaopita chini unafanya kazi ambayo turubai la ardhini haliwezi kuifanya. Nunua kipimajoto cha bei ndogo ukitundike ndani. Mshale ukikaribia 50, pandisha nailoni ya pembeni.

Maua yatandazwe yagusane bila kupandana, yageuzwe taratibu mara mbili tatu kwa siku. Jua zuri litawachukua siku tatu hadi tano. Ukungu ukishika inaweza kufika wiki na zaidi, na hapo msiharakishe kwa moto. Ukitaka kujua yamekauka usiangalie petali, petali hukauka mapema na kukudanganya. Chukua ua, fikicha kitovu kwa vidole. Kikivunjika na kusagika, limeiva kwa gunia. Kikibonyea na kushikana, rudisha kichanjani. Unyevu unaotakiwa ni kama asilimia 10, na kitovu ndicho kinachouficha. Gunia lililofungwa na maua yenye vitovu laini huota ukungu katikati huku juu likionekana safi.

Yakishakauka tumia gunia la katani, liweke juu ya chaga mbali na ukuta, mahali pakavu penye giza. Usiyasage. Wala usiyaweke miezi ukisubiri bei, maana sumu hupungua ghalani hata ua likiwa kavu. Kila mkishapata mzigo wa kutosha, upelekeni.

Binti yako sasa, na hili usilichelewe. Upele ule si uvivu wa kazi. Kuna watu ngozi zao hazipatani na maua ya pareto, na akizidi kuyashika unaweza kuzidi. Mtoe kwenye kuchuma na kwenye kugeuza maua makavu, vumbi lake ndilo linalompigisha chafya. Mpeleke zahanati wamwone, hasa kama kifua kinabana. Ninyi mnaobaki vaeni mikono mirefu, osheni mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, na maua yasikae tena ukumbini wala chumba wanacholala watoto.

Kwa jirani yako mwenye mizinga, mwambie kwa heshima kwamba nyuki anayetua kwenye ua lililo shambani hafi. Sumu imefungwa ndani ya vitezi vya vile vimbegu na haimgusi. Pareto hata haiwezi kujichavusha yenyewe, shina linahitaji chavua ya shina jingine, na wadudu ndio wanaoileta. Lakini muulize na wewe: kuna mtu hapo kijijini anayesaga maua akayaloweka na kupuliza kwenye mboga mchana? Sumu ikishatoka kwenye ua na kumpata nyuki mwilini, inamuua kama inavyomuua inzi. Atakayepuliza apulize jua likizama, nyuki wakiwa wamelala. Na vichanja msivioshee mtoni, pareto ni sumu kali kwa samaki.

Tumfikie mumeo.

Yuko sahihi nusu, na ningependa umwambie hivyo kwa maneno yako kabla hujamwambia lolote la kumpinga. Ekari ya mama mkwe imechoka. Shina la pareto huzaa vizuri miaka mitatu hivi, baadaye katikati panakufa, maua yanakuwa machache na mizizi inajaa minyoo fundo, vijidudu vinavyoifanya ivimbe mafundo. Kwa miaka sita au saba lile shamba limeshawapa lilichokuwa nacho. Ling'oeni. Natamani tu msiweke viazi hapohapo, kwa sababu minyoo fundo inapenda viazi vilevile. Wekeni ngano au mahindi kwanza, viazi vifuate msimu unaokuja. Na amri ya kung'oa atoe mama mkwe mwenyewe, akiwa amesimama shambani kwake, mkimuuliza. Yeye ndiye aliyelipanda.

Ekari changa ibaki. Pale alipokosea mumeo ni kuziweka ekari mbili kwenye hukumu moja. Hoja yake ya chakula naiheshimu, baba anayefikiria sahani za watoto hawezi kubezwa. Lakini viazi kwenye ukungu wa Umalila vinataka dawa ya ugonjwa wa ukungu wa majani mara kwa mara, mbegu safi, na kila msimu udongo unapinduliwa mtelemkoni. Pareto ikishashika inafunika ardhi miaka mitatu, na dawa za wadudu haiwadai sana. Nyumba yenye kimojawapo ina wasiwasi kuliko nyumba yenye vyote viwili.

Ekari hiyo changa ina dosari moja mliyoipanda ninyi. Mbegu za kukung'uta turubaini zinatoka kwenye maua yaliyochavushwa na shina lolote, kwa hiyo mashina yenu hayafanani hata kidogo. Mengine yana sumu nyingi, mengine majani mengi. Msimu huu pita na vijiti. Shina lenye maua mengi, yanayochanua kwa pamoja, lisilolala chini, lichomekee kijiti. Mvua zikianza, hayo ndiyo mtakayoyachimba na kuyagawa, kila kipande kiwe na mizizi yake, mzibe mapengo na kuanzisha shamba jipya siku ikifika. Kipande kilichogawanywa hufanana na mama yake kabisa. Kama afisa ugani wenu au chama cha msingi wana miche ya aina iliyochaguliwa kwa sumu, chukueni hiyo, ni bora kuliko macho yetu. Nafasi iwe sentimita 60 mstari kwa mstari na 30 shina kwa shina, na mistari ikatishe mtelemko. Hilo la mistari sitalegeza. Najua aliyeyachora yale matuta ni marehemu, na kuyageuza kunaweza kuonekana kama kumvunjia heshima. Mwelezeni mama mkwe kwamba mnataka udongo wake ubaki juu. Pandeni majani ya guatemala kwenye kingo, ng'ombe wale, na ardhi ishikwe. Mkianza shamba jipya wekeni samadi iliyooza pamoja na mbolea ya kupandia yenye fosforasi. Mbolea ya kukuzia iacheni kwa mahindi, kwenye pareto italeta majani. Maua yakishakwisha msimu, kateni mashina makavu na myatandaze katikati ya mistari.

Nimekuandikia mengi na najua huwezi kuyafanya yote mwezi huu. Anza na jambo moja, na ulifanye pamoja na mumeo.

Katika mchumo unaokuja, gaweni. Sehemu moja mchume kama mlivyozoea, yote kwa siku moja, muanike turubaini. Sehemu ya pili mchume yaliyofika tu, vichwa peke yake, kwa kikapu, muanike kichanjani. Kichanja kidogo cha mita mbili kinatosha kwa jaribio. Yakikauka wekeni magunia mawili tofauti, moja lifungwe kamba nyeupe na jingine nyekundu, na mumeo ayafunge kwa mkono wake. Mkifika kwa mnunuzi ombeni yapimwe kila moja peke yake, msikubali yachanganywe, na muombe majibu kwa maandishi. Karatasi ya safari hii msiikunje mfukoni, ibandikeni ukutani mahali mnapokula.

Tofauti ikiwa ndogo, niandikie unitukane na mng'oe. Ila kama sehemu ya pili itaipita ya kwanza, mtakuwa na cha kuzungumza ambacho si maneno yako wala ya mama mkwe. Siku hiyohiyo zungumzeni pia nani anapokea fedha na nani anaamua matumizi yake, kwa sababu nimehesabu kwenye barua yako, kazi ya kuchuma umeiita yako na ya watoto, na fedha hukusema ni ya nani.

Nisalimie mama mkwe. Mwombe akuoneshe walivyokuwa wakifunga vichanja vyao, na walitumia fito za mti gani. Majibu ya kamba nyeupe na kamba nyekundu yakitoka, niandikie namba zote mbili.

Bibi Shamba